Mdogo Wangu Alianza na Miaka Saba

Mimi na mdogo wangu tumelelewa boma moja, wilaya ya Meatu, enzi hizo ikiwa bado mkoa wa Shinyanga kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012. Mimi niliingia darasa la kwanza Januari 2002 nikiwa na miaka 11. Yeye, mtoto wa mvua za El Niño, aliingia Januari 2005 akiwa na miaka 7. Kwa kuzaliwa tumepishana miaka saba. Kwa madarasa tumepishana mitatu tu. Ile minne iliyobaki niliimaliza nyuma ya mbuzi. Leo mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kila Oktoba zoezi la kuandikisha watoto likianza, hesabu hiyo ya nyumbani kwetu ndiyo ninayokwenda nayo kwa wazazi.

Sheria haikuwa na utata. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilisema kila mtoto aliyetimiza miaka saba na hajafikisha 13 lazima aandikishwe shule. Kabla ya hapo, Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limetaka watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe darasani ifikapo 1977, na baba yangu mwenyewe alipita kwenye wimbi lile. Alisoma mpaka darasa la nne. Alijua kusoma na kujaza karatasi za pamba, na alijua bei ya kilo kabla karani hajaitamka. Kwa hiyo nikisikia watu wanasema wafugaji hawajui thamani ya elimu, naumia, maana si kweli kwa baba yangu na si kweli kwa wengi ninaowafahamu. Walichokosa ni mtu.

Nieleze. Kwetu Usukumani kazi ya mtoto wa kiume hupanda kwa umri. Akiwa na miaka minne au mitano anaangalia ndama hapo nyuma ya boma, mama akimwona. Akifika saba anakabidhiwa mbuzi na kondoo. Akifika tisa au kumi anakwenda na ng'ombe pamoja na kaka zake, na msimu wa kulima ndiye anayetangulia mbele ya maksai kuwaongoza wakati mkubwa ameshika plau. Umri wa saba, ule ambao serikali inamwita, ndio mwaka wa kwanza ambao nyumba inaanza kuuona msaada wake. Shule haikuwa inachukua mtoto aliyekaa bure. Ilikuwa inachukua mtu wa kazi siku ile ile alipoanza kufaa.

Halafu kuna Januari. Mtu wa mjini hawezi kuona shida ya Januari. Kwetu, Januari mashamba yamejaa: mahindi yamefika kiunoni, mtama unapanda, pamba imeota, viazi vimetambaa. Mifugo lazima ishikwe kwa nguvu, maana mbuzi mmoja akiingia kwenye pamba ya jirani ni kesi mbele ya wazee wa sungusungu, na faini yake si mchezo. Baada ya mavuno mambo hulegea. Ng'ombe wanazurura kwenye mabua na mtoto mmoja anaweza kuangalia kundi kubwa. Mwaka mzima hakuna mwezi ambao baba anamhitaji kijana wake kuliko Januari, na Januari ndiyo kengele ya darasa la kwanza inapolia.

Zamu yangu ilikuwa 1998. Mvua za El Niño zilikuwa zinanyesha bila kupumzika, mito imefurika, mama amejifungua mdogo wangu wiki chache kabla, na kaka yangu mkubwa alikuwa na ng'ombe mbali kutafuta mahali pakavu. Mwandikishaji alipopita, baba alisema huyu bado. Hakuna aliyeweza kumbishia. Sikuwa na cheti cha kuzaliwa, kama watoto karibu wote wa kijijini, na kipimo kilikuwa kile ambacho watu wa rika langu na walionitangulia wanakikumbuka: pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ukishika sikio la kushoto umefika. Nilikuwa mfupi. Mkono haukufika. Mwaka uliofuata haukufika vizuri, na ulipofika hakuna aliyekuja kuupima.

Nilipelekwa shule na upepo wa 2002. Serikali ilikuwa imefuta ada ya shule za msingi, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM, umeanza, na mwenyekiti wa kijiji alizunguka na walimu kaya kwa kaya wakikusanya kila mtoto aliyeonekana. Wakati huo ulikuwepo pia MEMKWA, mpango wa elimu kwa walioikosa, uliojaribiwa kuanzia 1999 katika wilaya chache, ukilenga vijana wa miaka 11 hadi 18 na kuwapa masomo kwa muda mfupi zaidi. Shuleni kwetu darasa hilo halikuwepo. Nikakalishwa na watoto wa miaka saba.

Mwaka uliofuata Kenya nayo ilifuta ada, na wanafunzi wa msingi wakaongezeka kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mapema 2004 mzee Kimani Maruge wa Eldoret, mwenye miaka 84, aliingia darasa la kwanza amevaa sare na soksi ndefu, na dunia nzima ikamshangilia. Namheshimu mzee yule mpaka leo. Lakini nilipokuja kusomea ualimu nikaelewa kwamba wataalamu wa takwimu wana vipimo viwili vya kuingia darasa la kwanza. Cha kwanza kinahesabu wote walioingia, wa umri wowote, na kuwalinganisha na idadi ya watoto wa umri rasmi. Ndiyo maana kinaweza kuvuka asilimia 100, na kikivuka watu hupongezana. Cha pili kinahesabu wale tu walioingia wakiwa na umri uleule uliowekwa. Katika kipimo cha kwanza nimo. Katika cha pili sitakuwemo milele, hata ningesoma mpaka udaktari wa falsafa.

Na kuchelewa kuna gharama ambayo ripoti hazina nafasi ya kuiandika. Magoti yangu hayakuingia chini ya dawati. Wenzangu walikuwa wanacheza kombolela, mimi naona aibu kucheza nao na naona aibu kusimama peke yangu. Kikitakiwa kitu cha nguvu, kuchota maji, kubeba kuni za mwalimu, kulima shamba la shule, tuliitwa sisi wakubwa, na kipindi kinapita tukiwa nje. Hesabu hazikunisumbua hata siku moja, kwa sababu mchungaji anajua kuhesabu kundi kwa rangi na kwa mama zao. Kilichonisumbua ni Kiswahili. Nyumbani tulisema Kisukuma tu. Mtoto wa miaka saba anaokota Kiswahili uwanjani bila kujua anajifunza. Anakosea, wanacheka, anacheka nao, kesho anasema sawasawa. Mvulana wa miaka 11 akichekwa mara moja ananyamaza. Mimi nilinyamaza karibu mwaka mzima. Mwalimu aliandika kwamba mimi ni mzito wa kuelewa.

Kisha sauti yangu ikawa nzito ya kiume nikiwa darasa la tatu. Tuliokuwa wakubwa tulikuwa wengi tulipoanza, na kila mwaka tulipungua. Mmoja alikwenda machimbo ya dhahabu. Mwingine alifuata ng'ombe wa baba yake mkoa wa Rukwa. Mwingine alipewa mtamba na wazee, na kijana aliyepewa mtamba anajua kinachofuata ni kutafutiwa mke; atakaaje darasani kuimba silabi? Wasichana wa darasa letu walikuwa na balaa lao. Wengi wao waliingia kwa wakati wakatolewa kabla ya wakati, mahari ikiwasubiri. Watu wameanza kulisema hilo kwa sauti, na inafaa lisemwe zaidi. La wavulana wanaoingia baada ya wakati huwa halisemwi, kwa sababu ukimkuta mtoto wa kiume porini na fimbo na kibuyu unaona mtu yuko kazini. Huoni mtoto aliyekosa kitu.

Oktoba 2004 nilimwona mdogo wangu na kundi la mbuzi kwa mara ya kwanza. Alikuwa na fimbo yangu. Mwezi wa kumi na mbili angetimiza miaka saba, na mbele yake palikuwa na Januari kama ile ya kwangu. Kwetu kijana hamkabili baba yake kwa hoja. Nilikwenda kwa bibi, mama yake baba, nikamkuta anakata viazi vya michembe.

"Bibi, huyu akianza na mbuzi sasa, shuleni atafika ana ndevu."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Usiku nitamwita baba yako. Na wewe uje uyaseme hayohayo. Sema polepole, na usimtazame usoni."

Nilisema. Baba hakuuliza shule ina faida gani. Hakusema mtoto ni mdogo. Aliuliza neno moja, na neno hilo ndilo lililonifundisha kazi ninayoifanya sasa. Aliuliza, "Na mbuzi?"

Bibi alikuwa amejiandaa. Alisema boma letu na maboma mawili ya majirani yana mbuzi wa kutosha kundi moja tu, wala hakuna sababu ya watoto watatu kushinda porini kila siku wakiwa wametenganishwa na kichaka. Kundi liunganishwe. Atafutwe mchungaji wa kulipwa kwa desturi, mtamba mmoja kwa mwaka, na nyumba tatu zipokezane kumtoa. Jumamosi, Jumapili na siku za likizo mchungaji apumzike, watoto wa shule washike zamu. Na mimi nilisema nitafungulia ndama alfajiri kabla ya kwenda shule na kuwarudisha jioni, kwa hiyo mdogo wangu asidaiwe chochote siku za masomo.

Bibi aliongeza sharti moja ambalo wakati ule sikulipa uzito. Alisema mchungaji awe mtu mzima. Nimelifikiria sana baadaye, kwa kuwa katika vijiji vyetu anayeajiriwa kuchunga mara nyingi ni mtoto wa nyumba isiyo na ng'ombe, mwenye miaka tisa au kumi. Mwenye mifugo anampeleka wa kwake shule na kumweka wa maskini porini. Hapo kuchelewa hakujaisha. Kumehamishiwa kwenye boma lenye shida zaidi. Bibi hakusoma hata darasa moja, na alilijua hilo kabla yangu.

Baba hakujibu usiku ule. Alikwenda mwenyewe kwa majirani, mmoja akakubali upesi, mwingine akasumbua mpaka karibu Krismasi. Lakini Januari mdogo wangu alivaa kaptula ya kaki iliyoshonwa upya kutoka ya kwangu, akaenda. Mkono wake ulifika sikioni. Ndani ya muhula mmoja alikuwa anazungumza Kiswahili kuliko mimi niliyekuwa darasa la nne.

Alimaliza la saba mwaka 2011 akiwa na miaka 13, umri ambao mimi nilikuwa darasa la tatu. Alikwenda sekondari ya kata, akaendelea kidato cha tano na cha sita, akasomea utabibu. Nilipomaliza kidato cha nne mwaka 2012 nilikuwa na miaka 22, nyumbani wanasubiri nioe, na chuo cha ualimu kilikuwa hatua ya mwisho niliyoweza kuimudu. Siioni kazi yangu kuwa ndogo. Ila najua kilichotutofautisha mimi na yeye. Si akili, maana tulipokuwa tukifanya hesabu pamoja kwenye mwanga wa koroboi nilimshinda mara nyingi. Ni Januari mbili.

Sasa nikianza kuandikisha siendi kwanza ofisi ya kijiji. Nakwenda joshoni. Siku ya kuogesha ng'ombe kina baba wapo na watoto wao wa kiume wapo, na hakuna haja ya kuuliza nani ana mtoto wa umri gani, unawaona. Nakwenda na mnadani. Nasalimia, nauliza mvua, nauliza ng'ombe, kisha nauliza swali la baba yangu kabla hawajaniuliza: mbuzi mtampa nani? Wakianza kulijibu, nusu ya kazi imekwisha. Kuna vitongoji vimeunganisha makundi kama tulivyofanya sisi. Kuna nyumba baba mwenyewe amerudi kushika fimbo. Kuna nyumba bado jibu halijapatikana, na huko vitisho vya mtendaji wa kijiji vinamleta mtoto kwa wiki mbili tu.

Mengine yamebadilika bila mimi. Tangu Januari 2016 ada na michango ya lazima imeondolewa kuanzia elimu ya awali mpaka kidato cha nne. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kuandikisha vizazi vya watoto chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, umefanya vyeti vitolewe karibu na wananchi, na wazazi wengi sasa wanakuja na cheti, au walau kadi ya kliniki. Sikio limestaafu. Mwaka wa fedha 2021/22 yalijengwa madarasa 3,000 kwenye shule shikizi, yaani matawi ya shule za msingi yaliyo karibu na makazi, kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, na shule shikizi kwa mtoto wa miaka sita au saba maana yake ni kwamba hakuna mto wa msimu katikati yake na mwalimu mwezi wa kwanza. Watu husahau kwamba umri rasmi una miguu midogo.

Nilipoanza kusoma habari za nchi nyingine nilijikuta kwenye kurasa za mbali. Lesotho wavulana wamechunga milimani kwa vizazi, wengine wakikaa miezi kwenye vituo vya mifugo, na matokeo yake wanawake wa nchi ile wanajua kusoma kuliko wanaume. Walianza kufuta ada mwaka 2000, darasa moja kila mwaka, wakafanya elimu ya msingi kuwa ya lazima kwa sheria ya 2010, na bado mchungaji mdogo ndiye mtoto mgumu kumpata. Mongolia, mifugo ilipogawiwa watu binafsi miaka ya 1990, familia ziliwatoa wavulana shule ili walinde mali mpya. Huko umri wa kuanza, uliokuwa miaka minane, umeteremshwa mpaka sita kufikia 2008, na watoto wa wafugaji wengi hulala mabwenini. Baridi yao siijui, lakini mzazi anayehesabu mifugo na watoto kwa pamoja namjua.

Nchi nyingi duniani zimechagua miaka sita. Uingereza mtoto anatakiwa awe shuleni mara baada ya kutimiza mitano. Finland wanasubiri saba na watoto wao wanasoma vizuri. Sibishani juu ya tarakimu. Mtafiti Richard Reeves, katika kitabu chake cha 2022 kuhusu wavulana, amependekeza wavulana waanze shule mwaka mmoja nyuma ya wasichana kwa sababu wanakomaa polepole. Inawezekana hoja yake ina mashiko huko Marekani, ambako mtoto anayecheleweshwa anabaki chekechea na vitabu vya picha na mtu mzima wa kumsomea. Kwetu mwaka wa kuchelewa haukai tupu hata siku moja. Unajazwa kazi, na kazi ikishamzoea mtoto haimwachii kirahisi.

Ndiyo sababu nimeipokea kwa moyo mkunjufu Sera ya Elimu toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Januari 2025, inayofanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi na kuleta darasa la kwanza kwenye umri wa miaka sita. Mtoto wa sita kwetu bado yuko na ndama nyuma ya boma. Shule ikimpata hapo, inampata kabla ya mbuzi, na baba hajazoea msaada wake. Lakini dawati liwe la kimo chake, uji uwepo, na darasa la awali liwe na mwalimu aliyesomea watoto wadogo, siyo mwalimu aliyechoka aliyepewa la awali ili apumzike.

Wanaonisumbua usingizi sasa ni wanaohama. Malisho yamepungua, na familia zinaondoka na mifugo kwenda Katavi, Morogoro, mpaka Lindi, mara nyingi wakati uleule wa mvua. Mvulana niliyemwandika Oktoba joshoni, Januari hayupo. Baba yake ananipigia simu kutoka njiani kunijulisha wamefika wapi na ng'ombe wangapi wamekufa, na mimi namuuliza kijiji gani na mwenyekiti ni nani. Kisha natafuta namba ya mwalimu wa huko. Namwambia anakuja mtoto wa kiume, ana miaka saba, jina lake hili, anasema Kisukuma tu, atakuwa na mbuzi upande wa malisho; naomba umfuate huko huko, mwezi huu, usisubiri mwakani.